Gonga kwa Nguvu

Diski ilianza kugonga Jumatatu asubuhi, Lorna Hesketh akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Tak, tak, kimya. Tak, tak, kimya. Sauti ilitoka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa rafuni, na Lorna, ambaye masikio yake ndiyo yaliyomlisha, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Diski ilikuwa inakata roho.

Watu walimletea sauti zilizoharibika: mahojiano yaliyoliwa na upepo, hotuba za harusi zilizozamishwa na kelele za sahani. Yeye alizisafisha na kulipwa. Tena kila wiki, bila malipo, alitengeneza gazeti la kusikiliza la vipofu wa Amble, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uingereza. Wastaafu wa mji huo walisoma habari mbele ya kipaza sauti, mara wakikohoa, mara wakigombana juu ya matamshi, naye akaondoa vikohozi na ugomvi akaacha habari. Kazi zote hizo zilikaa ndani ya kile kisanduku. Kilikuwa na diski mbili, na kilichoandikwa kwenye hii kiliandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Sasa moja ilikuwa inakufa, na mwenzake alinunuliwa siku hiyohiyo, duka hilohilo. Mtu yeyote wa kazi ile angekwambia usiliamini boksi la namna hiyo hata wiki moja.

Afueni ilikuwa waranti. Miaka mitano, na ulikuwa umebaki mwezi na siku kadhaa. Lorna alizima kisanduku, akachomoa diski mbovu, akaigeuza na kusoma namba yake ndogo iliyochapwa tumboni. Akaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, akaandika namba hiyo, jina lake, anwani yake ya sasa, namba tisa Mtaa wa Herring, na baruapepe yake mpya. Utaratibu wao ulikuwa mzuri: wangetuma diski mpya kwanza, naye angewarudishia mbovu ndani ya boksi lilelile. Akabonyeza. Akajisifu kidogo moyoni kwa kuwa mtu wa kumaliza mambo yake kabla ya saa nne.

Jibu lilikuja palepale. Lilianza hivi: Mpendwa Bwana Clive Pargeter.

Lorna aliliangalia jina lile. Tangu ahamie kaskazini hakuwahi kulisikia wala kulitamka, hata akiwa peke yake bafuni. Akaendelea kusoma kwa sababu macho yalikuwa yanateremka yenyewe. Asante kwa kutuma maombi ya diski mbadala. Mzigo wako utaletwa namba tisa, Mtaa wa Herring, Amble. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za watu wasiotaka kusomwa: nakala ya ujumbe huu imetumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa.

Kikombe kilimponyoka. Hakukitazama. Alikwenda mlangoni, akahakikisha komeo la juu, komeo la chini na mnyororo, kisha akarudi akasimama katikati ya chai iliyomwagika.

Clive alikuwa mume wake kule Swindon, kusini. Alikuwa mtu wa kusajili. Kila kilichoingia nyumbani kilisajiliwa kwa jina lake siku hiyohiyo, televisheni, pasi, hata birika la umeme, hata vitu alivyonunua Lorna kwa mshahara wake. Alifungua barua za mkewe kwa kisu cha siagi. Alisoma kilomita za gari akitoka na akirudi. Mkono wake ulishafika shingoni kwa Lorna zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ulikaa mpaka madirisha yakawa meusi machoni pake. Mahakama ilimwandikia amri ya kutomkaribia, na Clive aliisoma, akaikunja vizuri, akatabasamu. Ndipo Lorna alipoondoka na begi moja la nguo na kile kisanduku, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kazi, na kazi ndiyo ingemlisha.

Na alijificha sawasawa. Alibadilisha simu, benki, daktari. Aliomba jina lake lisionekane kwenye daftari la wapiga kura. Hakupiga picha na wale wastaafu hata Krismasi. Mambo yote alikuwa ameyafikiria. Lakini namba iliyochapwa tumboni mwa diski, nani angefikiri? Nani angekumbuka kwamba diski nayo ina mume?

Alipiga simu kwa watengenezaji. Akawekewa muziki, akaambiwa na mashine kwamba simu yake ni muhimu, akawekewa muziki tena. Mwishowe akaja kijana mmoja mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa anaitwa Devan.

"Devan, kuna ujumbe mmetuma sasa hivi. Naomba muurudishe."

"Ujumbe ukishatoka umetoka, mama. Tatizo ni nini?"

"Mmemtumia mtu anwani yangu. Mtu ambaye hapaswi kuijua."

Akamsikia akigongagonga vibonyezo. "Naona mwenye bidhaa ni Bwana Pargeter. Wewe ndiye Bwana Pargeter?"

"Nasikika kama Bwana Pargeter?"

"Siku hizi hatuulizi, mama." Kijana akakohoa. "Kama si wewe, sheria ya kulinda taarifa za watu hainiruhusu kuzungumza nawe habari za akaunti yake. Ni kwa ajili ya usalama wake."

Lorna alitaka kucheka na kulia, na kwa kuwa vilikuja pamoja, havikutoka vyote viwili. "Usalama wake," alisema.

"Naelewa unavyojisikia."

"Huelewi, mwanangu. Basi futa. Futa maombi yote, sitaki diski."

"Naweza kufuta. Ila nikifuta, mfumo unatuma ujumbe kumjulisha."

"Wenye anwani yangu?"

"Ndiyo, wenye anwani."

"Na ukibadilisha anwani?"

"Unatuma anwani ya zamani na mpya, ili mteja alinganishe." Devan alishusha sauti, na Lorna akatambua kwamba sasa anazungumza na mtu, si na kampuni. "Mama, kila ninachogusa hapa kinamtumia ujumbe. Ningekuwa wewe nisingegusa. Labda hafungui hiyo baruapepe."

"Anafungua kila kitu," Lorna alisema, akakata.

Aliwapigia polisi kwenye ile namba ya mambo yasiyo ya dharura. Mwanamke mmoja aliandika maelezo yake bila haraka, akakuta amri ya mahakama kwenye kompyuta yake, akasema wameweka alama kwenye nyumba namba tisa, na akimwona Clive tu apige ile namba kubwa ya dharura, asingoje. Amefika? Bado. Amepiga simu? Bado. Basi mama, simu iwe karibu. Lorna alikuwa ameishika kwa nguvu hivi kwamba vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Alifungasha begi, kisha akakaa kitandani kando yake. Angekwenda wapi? Kaskazini zaidi ni Uskoti, na Uskoti nako diski zinakufa. Akaona maisha yake yote mbele, mji baada ya mji, na uchovu ukamzidi woga kwa dakika chache. Katika dakika hizo ndipo alipotoka nje na kugonga namba kumi na moja.

Waingereza wana adabu yao moja ya ajabu: watazeeka upande wa pili wa ukuta wako bila kukuuliza umetoka wapi. Wilf Thirlwell, aliyekuwa akikausha samaki kwa moshi hadi alipostaafu, alikuwa jirani wa Lorna tangu siku ya kwanza. Ukuta mmoja ulitenganisha jiko lake na jiko la Lorna. Alimpokelea vifurushi, alimletea samaki, alimlalamikia kuhusu njiwa, na hata siku moja hakumwuliza kwa nini mlango wake una makomeo mawili na mnyororo.

Sasa Lorna alimweleza. Alieleza amesimama, koti mwilini, macho kwenye dirisha. Wilf alimsikiliza mpaka mwisho, akawasha birika.

"Miaka yote hii nilidhani umemuua mtu," alisema.

"Nini?"

"Makomeo yale. Nikasema, Wilf, huyu binti ameua, na huenda alikuwa na sababu, wewe nyamaza." Akampa kikombe. "Sasa nasikia hukuua. Nimesikitika kidogo."

Lorna alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi kilichomuumiza kifua. Begi halikwenda popote. Lakini usingizi nao haukuja, wala siku iliyofuata chakula hakikupita. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilimpeleka nyuma ya pazia, roho mkononi.

Kisha ukaja ujumbe wa kampuni ya vifurushi. Mzigo wako utafika kesho. Bonyeza hapa kumfuatilia dereva. Lorna alibonyeza, na hapo akaelewa mambo mawili ambayo Devan hakumwambia. La kwanza, dereva akikabidhi mzigo hupiga picha: mzigo, mlango uliofunguliwa, na miguu ya aliyepokea. Picha hiyo hutumwa kwa mwenye jina. Clive angeiona miguu yake.

La pili lilikuwa kwenye kisanduku kidogo kilichoandikwa Maelekezo kwa Dereva. Lorna hakuwa ameandika kitu humo. Lakini mlikuwa na maneno.

Gonga kwa nguvu. Anajifanya hayupo.

Aliisikia sauti yenyewe ikiyasema, ile sauti ya chini ya mtu anayesubiri kwa raha zake. Ndivyo alivyosema Clive kumhusu, kwa marafiki, kwa mama yake, kwa fundi wa mabomba: gonga kwa nguvu, anajifanya hayupo. Na ilikuwa kweli. Kulikuwa na siku ambazo uso wake haukufaa kuonekana na watu, na kengele ikilia alikaa sakafuni nyuma ya kochi mpaka mgeni aondoke. Clive alijua. Clive alikuwa akicheka.

Kwa hiyo ameona. Ameusoma ujumbe, ameingia, ameandika ili Lorna asome. Alimpigia Wilf akashindwa kusema, akabaki kupumua kwenye simu mpaka mzee akaja mwenyewe na sapatu zake.

Wilf alisoma maneno yale mara mbili, miwani ikiwa imepanda kwenye paji. "Ameandika lini?"

"Sijui. Haisemi."

"Basi kesho huyo dereva nitampokea mimi barabarani. Wewe kaa ndani. Kama wanataka miguu, nitawapa miguu." Akatazama sapatu zake za sufu zenye mirabaraba myekundu. "Marehemu mke wangu alikuwa akisema hii miguu ndiyo uzuri wangu wote."

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, gari la vifurushi lilisimama. Lorna alikuwa amekaa kwenye ngazi ndani ya nyumba yake, akitazama mlango kwa ndani. Alijua kwamba ni dereva. Kwenye ramani ya simu alikuwa amelifuata lile gari tangu daraja la mto. Hata hivyo, ngumi ilipoushukia mlango, mwili wake haukungoja akili. Alijikuta chini, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, magoti kifuani, mkono mdomoni. Ngumi ikarudia. Tundu la kutumbukizia barua mlangoni likatikisika.

"Namba tisa hayupo, binti," ilisema sauti ya Wilf nje. "Nipe mimi."

"Maelekezo yanasema nigonge kwa nguvu." Alikuwa mwanamke, kwa matamshi yake Mpolandi. "Sipendi maelekezo haya. Huyu mtu ana adabu gani?"

"Hana. Hebu niambie, hayo yaliandikwa lini?"

"Ngoja." Kifaa chake kikalia mara mbili. "Zamani. Yamewekwa miaka sita iliyopita, kwa anwani nyingine, Swindon. Baruapepe ya mwenye jina ni ileile, basi yanafuata. Watu hawafuti. Nina mteja amekufa, bado anatuambia tuwe waangalifu na mbwa, na mbwa naye amekufa."

Nyuma ya makoti, Lorna aliondoa mkono mdomoni. Miaka sita. Kwa hiyo hakuandika jana. Aliandika wakati ule, siku za nyuma ya kochi, na maneno yake yalikuwa yamekaa mahali fulani muda wote huu yakimngoja. Alilia kidogo, na kwa kweli alilia kwa furaha. Pengine hafungui baruapepe ile. Pengine ana mwingine wa kumsajili, na Lorna aliona aibu kulifikiria hilo kama habari njema.

"Weka hapa mlangoni kwangu," Wilf alikuwa akisema. "Piga picha. Umeniona vizuri? Miguu imeingia yote?"

"Imeingia, babu. Mizuri."

Dereva alipoondoka Lorna alihamia kwa Wilf na kisanduku chake, kwa kuwa nyumba yake mwenyewe ilimpa baridi. Wakakiweka kwenye meza ya jikoni, kati ya kopo la sukari na gazeti. Akasukuma diski mpya ndani mpaka ikasema klik, akawasha. Taa moja ikawa ya kijani. Ya pili ikaanza kumetameta rangi ya chungwa.

"Ndiyo nini?" Wilf aliuliza.

"Ile nzima inamwandikia mgeni kila inachokijua. Itachukua saa kadhaa. Kisanduku kisisogezwe, umeme usikatike. Nzima nayo ikifa kabla haijamaliza, basi, kwisha kazi."

"Na ikimaliza?"

"Taa inakuwa kijani."

"Basi tutakula supu tukiitazama," Wilf alisema, akamwaga njegere kwenye sufuria.

Walikula. Lorna alishangaa kuona anakula. Alirudia bakuli, akapangusa la pili kwa mkate, akamcheka mzee kwa jinsi alivyokuwa akiikaripia ile taa ya chungwa ifanye haraka. Woga ulikuwa umekaa pembeni, haujaondoka, lakini umekaa. Wilf alikwenda dirishani na viazi vya kumenya, huko ndiko alikomenyea kila kitu, ili njiwa wasimfanyie ujanja.

Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Lorna," alisema bila kugeuka. "Usije dirishani. Kuna gari la kijivu. Jamaa ameshuka, anatazama simu, anatazama milango."

Lorna alibaki mezani. "Viatu," alisema. "Viatu vyake vikoje?"

"Vinang'aa. Kama vya kwenda mazikoni."

Wilf aliuona uso wake, ikatosha. Lorna alibonyeza ile namba kubwa, na vidole vyake, ajabu, havikukosea. Polisi, alisema. Namba tisa Mtaa wa Herring. Mmeweka alama. Yuko hapa. Mwanamume wa upande wa pili wa simu alisema gari linatoka Alnwick, mji wa jirani, sasa hivi, akae kwenye simu, asikate.

Upande wa pili wa ukuta, kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, alisikia mlio wa kugonga. Haukuwa wa nguvu. Clive hakuwahi kugonga kwa nguvu, hiyo ilikuwa kazi aliyowapa wengine. Yeye aligonga kwa kifundo cha kidole kimoja, taratibu, mara tatu, kama daktari anayeingia chumbani kwa mgonjwa. Kisha sauti kupitia tundu la barua, na ukuta wa jiko la Wilf ulikuwa mwembamba kiasi kwamba sauti ile ilifika yote.

"Lorna. Mpenzi. Ni mimi. Nimekuja tu kukuona."

Alitaka kuingia chini ya meza. Alishika ukingo wa meza, karibu na kisanduku, akajikaza.

"Anarudi nyuma," Wilf alinong'ona. "Anatazama simu tena. Ile picha. Anatafuta mlango wa kwenye picha."

Wote wawili wakatazama chini kwa pamoja. Sapatu za mirabaraba myekundu zilikuwa miguuni mwa Wilf. Na nje ya mlango wake, pale pale aliposimama kupigwa picha, kilikuwa kimelala kizulia chake cha kupangusia miguu chenye mchoro wa samaki.

Mzee alizivua sapatu bila kelele. Akavuta buti zake za mpira kutoka chini ya sinki, akaingiza miguu, akafungua mlango wa mbele kama mtu anayetoka kutupa maganda. Lorna alinyoosha mkono kumzuia akakamata hewa. Akasikia kizulia kikikung'utwa mara moja na kutupwa ndani, kikaanguka ukumbini, samaki juu. Halafu mlango ukarudishwa nyuma ya Wilf, ukaacha upenyo tu.

"Habari za mchana," ilisema sauti ya Clive. Ilikuwa ya kistaarabu sana. Watu wote walimpenda Clive kwa dakika kumi za kwanza. "Samahani, mzee. Namtafuta mke wangu. Lorna. Nadhani anakaa hapa namba tisa."

Lorna alizuia pumzi. Kataa, alisema moyoni. Kataa, mwambie humjui.

"Lorna?" Wilf alisema. "Ee, anakaa hapo."

Ilikuwa kama amesukumwa ndani ya maji ya baridi. Amemuuza. Huyu mzee aliyemlisha supu amemuuza mlangoni kwake, kwa neno moja, kwa upumbavu au kwa adabu. Lorna alitazama mlango wa nyuma. Ua, ukuta wa matofali, uchochoro. Simuni yule mwanamume aliuliza kama yuko salama.

"Nimegonga, kimya," Clive alisema.

"Umegonga vipi?"

"Nimegonga kawaida."

"Hapana, kawaida haifai kwa huyo." Wilf aliongea pole pole, kwa sauti ya mzee mwenye siku nzima ya kupoteza. "Gonga kwa nguvu. Anajifanya hayupo."

Kisha Clive akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha nyumbani, na Lorna akakisikia shingoni.

"Bado ana tabia hiyo?"

"Bado. Mimi mwenyewe hunichukua nusu saa. Usichoke tu, endelea. Mwisho hufungua."

Wilf akaingia, akafunga, akapitisha komeo kwa taratibu za mtu anayefunika mtoto. Alisimama ukumbini na buti zake, uso umempauka, midomo inacheza. Ndipo Lorna alipoona kwamba mzee naye alikuwa akiogopa muda wote. Ndipo pia alipoelewa: Clive angegonga nyumba tupu mpaka polisi wafike.

Ngumi ya kwanza ikaupiga mlango wa namba tisa. Halafu ya pili. Clive alikuwa ameshika kazi. Ukuta ulitetemeka, kijiko kikalia ndani ya bakuli, kisanduku kikatikisika mezani na taa ya chungwa ikazima. Lorna alikishika kwa mkono ulio huru, kiganja juu, kama unavyomtuliza mnyama. Taa ikarudi. Ikaendelea kumetameta.

"Lorna! Najua upo humo!"

Akapiga, akapiga. Kitu kilipasuka, pengine kioo cha juu ya mlango. Woga ulikuwa umemjaa Lorna, lakini miguu ilikuwa imesimama. Kupitia dirisha, nyuma ya bega la Wilf, aliona pua ya gari la polisi ikikata kona ya juu ya mtaa, bila king'ora.

"Mama," ilisema sauti kwenye simu, sasa kwa haraka, "nasikia mtu anavunja. Wenzangu wanaingia mtaani. Niambie ukweli, uko ndani ya nyumba hiyo inayogongwa?"

Lorna alisikiliza ngumi moja zaidi.

"Hapana," alisema, kwa sauti yake ya kawaida. "Sipo."